Bunduki ya kwanza ya kulengea shabaha, usianze na bastola

Wakuu, kama unataka silaha ya kulenga shabaha tu, sio kuwinda wala ulinzi wa nyumbani, anza na raifo (bunduki ya mtutu mrefu) ya .22 ya bolti, yaani ya risasi nyembamba ya inchi 0.22 hivi, unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma bolti kwa mkono. Najua hapa Dar wengi wanawaza bastola kwanza kwa sababu ndo wanayoiona kiunoni kwa watu, ila bastola ina mtutu mfupi, ukivuta triga kwa papara kidogo tu risasi inatoka nje ya karatasi na wewe hujui kosa liko wapi.

Risasi ya kawaida ya .22 LR (Long Rifle, ndo .22 ya kawaida) ina uzito wa gramu 2.6 hivi, ile ya .308, risasi kubwa ya kuwindia, inafika karibu mara nne yake, kwa hiyo .22 haikupigi bega na kishindo chake ni kidogo. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana bunduki yenye kishindo inaufundisha mwili kushtuka kabla risasi haijatoka, na hilo likishaingia kulitoa ni kazi. Mwambie mwalimu wa kulenga akuchanganyie risasi ya bandia katikati ya zile za kweli bila kukwambia ni ya ngapi, ukivuta triga halafu mdomo wa bunduki ukazama chini wakati hakuna kilicholipuka, basi unashtuka. Na wala .22 sio ya watoto, ipo toka 1887 na mpaka leo ndo ya Olimpiki kwenye raifo ya mita 50, ambako duara la kumi, lile la katikati lenye pointi 10, lina upana wa milimita 10.4 tu.

Kabla ya kuchagua jua jicho lako lenye nguvu ni lipi. Nyoosha mikono, tengeneza katundu kadogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo kisha fumba jicho moja moja, lile ambalo kitu hakipotei ndo lenyewe. Kama ni la kushoto jaribu kuweka kitako bega la kushoto, na uulize kama kuna bolti ya upande huo.

Dukani usinunue kwa macho. Omba uishike, bolti ikiwa wazi na chemba (pale risasi inapokaa) mmeikagua wewe na muuzaji, mdomo uelekee sehemu salama na kidole kiwe nje ya triga. Iweke begani, shavu lilale kwenye kitako, jicho likute saiti (kile cha kulengea juu ya mtutu) lenyewe bila wewe kurefusha shingo. Ukilazimika kujikunja achana nayo hata kama ni ya kampuni yenye jina kama CZ na bei imekupendeza. Ya mtumba toa bolti umulike ndani ya mtutu, ile mistari ya kuzungusha risasi ionekane safi, halafu pitisha macho pale mdomoni kabisa, maana kovu dogo pale linapotosha risasi. Angalia na kutu, hewa yetu ya bahari haina huruma na chuma. Darubini ya bei mbaya isubiri, hela hiyo nunua risasi, miwani na vizuia kelele vya masikio, .22 nayo inaharibu masikio.

Usilipie chochote kabla ya kibali. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, maombi yanaanzia serikali ya mtaa unapoishi, yanapita kamati ya ulinzi na usalama, yanaenda polisi. Hata bunduki ya upepo usidhani iko huru, uliza polisi kwanza.

Nyumbani weka kabati la chuma lililofungwa ukutani, risasi zikae kando na funguo ubaki nazo wewe, asizijue hata mtoto wa dada aliyekuja likizo. Ukirudi kulenga nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, risasi zina madini ya risasi (lead) ambayo ni sumu, kisha futa mtutu kwa kitambaa chenye mafuta usiku huohuo. Na usilenge chupa kwenye kiwanja cha wazi Kigamboni eti hakuna watu, .22 inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, nenda sehemu iliyoruhusiwa yenye tuta la udongo nyuma ya shabaha.