Injini inaunguruma, gia inaingia, gari haiendi: jua nguvu imeishia wapi kwenye fowili (4x4) yako

Uko zako kwenye tope au unapandisha mlima, unasikia "kaa!" au pengine husikii chochote, mlio wa injini unapanda lakini gari imesimama palepale. Ukimpigia fundi atakwambia giaboksi imekufa hiyo, ishushwe. Usikubali haraka hivyo, kushusha giaboksi ya Land Cruiser 70 au Defender ya zamani siyo kazi ya mchezo na unaweza ukalipa hela yote hiyo halafu ikaonekana giaboksi ni nzima, kumbe kilichokatika ni hafu shafti ya nyuma ambayo unaitoa kwa spana chache tu pembeni ya barabara. Kwa hiyo kabla hujafungua kitu chochote ifuate nguvu kutoka injini mpaka tairi uone inaishia wapi: injini, klachi, giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma), propela (shafti ndefu chini ya gari), difu (gia zilizo katikati ya ekseli), hafu shafti (chuma kinachotoka difu kwenda tairi). Hapa naongelea zaidi gari za manyuo, maana ya otomatiki ikigoma unaanza na dipstiki ya oili ya giaboksi na ikiwa sawa basi mara nyingi ni ya kuvuta tu.

Kwanza kinga tairi kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Defender handbreki yake haishiki tairi, inashika shafti pale nyuma ya transfa, sasa hafu shafti ya nyuma ikikatika handbreki haina cha kushikilia, gari inateremka yenyewe huku wewe umeivuta mpaka mwisho. Na mtu asilale chini ya gari injini ikiwa inawaka na gia iko ndani, hata kama gari haisogei, propela inaweza kuwa inazunguka na ikidaka shati au kanga hutawahi kumtoa.

Halafu angalia leva ya transfa. Najua unaona ni kitu cha kitoto, lakini kati ya H4 (fowili ya mwendo wa kawaida) na L4 (fowili ya mwendo mdogo wa nguvu) kuna nyutro, na ikiwa leva imechoka barabara ya mawimbi inaweza kuitoa yenyewe, hapo gia zote zinaingia na gari haiendi. Kanyaga klachi, irudishe vizuri mpaka mwisho, jaribu tena.

Bado? Sasa tumia mshale wa spidi, ndio kipimo rahisi kuliko vyote na watu hawaukumbuki. Kwenye hizi gari za zamani spidi mita inasoma mzunguko wa shafti inayotoka kwenye transfa, siyo tairi. Tia gia ya kwanza, achia klachi taratibu, angalia mshale. Ukipanda huku gari imesimama ujue klachi nzima, giaboksi nzima, transfa inazungusha, tatizo liko huko mbele ya safari, kwenye propela, difu au hafu shafti. Ukilala tuli ujue nguvu haijatoka kwenye transfa, ila kwa Defender mshale unasoma shafti ya nyuma tu, kwa hiyo weka kwanza difu loki (inayofunga difu ya katikati) ujaribu tena, maana inaweza kuwa kumekatika mbele. Gari mpya zinasoma spidi kutoka kwenye tairi, kwa hizo mtu asimame pembeni kwa mbali aangalie propela kama inazunguka.

Tuseme mshale unapanda. Kwa Land Cruiser 70 kumbuka kawaida inasukumwa na tairi za nyuma tu, kwa hiyo shuka, funga habu za mbele (vile vifungio vya katikati ya tairi), weka H4, jaribu. Ikienda, mbele kuko sawa, nyuma ndio kumekatika. Defender yenyewe inasukuma miguu yote minne muda wote kupitia difu ya katikati, na difu ikiachwa wazi inamwaga nguvu yote upande ambao hauna upinzani, ndio maana shafti moja tu ikikatika gari nzima inasimama. Weka difu loki, ikienda umeshapona nusu. Kujua ni mbele au nyuma, toa difu loki kisha mtu aangalie kwa pembeni, propela inayozunguka wakati gari imesimama ndio yenye ekseli mbovu.

Propela ikiwa imevunjika krosi (kiungo cha mwisho wake) utaiona inaning'inia, hilo halina mjadala. Ikiwa nzima, zima injini, acha gari kwenye gia (Defender weka na difu loki), piga jeki tairi moja ya ekseli hiyo uizungushe kwa mkono. Inatakiwa igome. Ikizunguka bure wakati propela imetulia, kuna hafu shafti imekatika, ila usikimbilie kulaumu upande huo huo, inaweza kuwa ya upande wa pili kwa sababu difu inazungusha zote mbili. Fungua kofia za habu pande zote uchungulie, ukikuta unga mwekundu wa kutu kwenye meno ya shafti umepata mchawi wako. Kama kulikuwa na mkwaruzo wa chuma, fungua na nati ya oili ya difu uone kama kuna vipande vya meno.

Kutoka hapo mpaka mjini, kama nyuma ndio kumekatika: toa propela ya nyuma, H4 na habu zimefungwa kwa Land Cruiser, difu loki kwa Defender, halafu nenda pole pole hasa kwenye kona maana joint za mbele zimebeba mzigo wote. Wale wanaokataza difu loki kwenye lami wana haki, ila hapa propela moja haipo kwa hiyo hakuna cha kukazana. Defender ukishatoa hiyo propela usiitegemee tena handbreki, tembea na mawe yako.

Kama mshale haukupanda kabisa, sikiliza pua. Klachi iliyoisha inanuka, na kwa kawaida ilishakuonya siku nyingi mlimani, mlio unapanda spidi haipandi. Pedali kuzama chini ni jambo lingine, hiyo ni masta au slevu (pampu mbili za mafuta ya klachi), inafanya gia zikatae kuingia. Defender zenye giaboksi ya R380 zina ugonjwa wao, meno yanayounganisha shafti kuu ya giaboksi na gia ya kuingizia nguvu kwenye transfa yanakauka oili na kulika mpaka yanaisha, na hapo hata difu loki haisaidii kitu. Fungua kifuniko kilicho nyuma ya transfa, weka sufuria chini oili isimwagike, kisha zungusha kwa mkono ile gia, ikicheza bila kuzungusha shafti jibu unalo. Wakati wa kununua dai gia yenye tundu za kupitishia oili, na shafti nayo ibadilishwe kama imelika, maana gia mpya juu ya shafti iliyochoka haitakaa.