Jinsi ya kuanzisha upigaji mswaki wa kila siku shuleni

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa awali, la kwanza au la pili anayetaka watoto wake wapige mswaki kila siku ya masomo. Nauandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu kuanzisha zoezi hili kwenye darasa la watoto 60. Sizungumzii ile siku moja ya mwaka ambapo wageni wanakuja na fulana, wanagawa miswaki, wanapiga picha na kuondoka. Ukoga unarudi kwenye meno kila siku, kwa hiyo na kinga yake ni ya kila siku.

Hatua ya 1: Ruhusa

Mwalimu mkuu, kamati ya shule, kisha kikao cha wazazi. Mjulishe na daktari wa meno wa wilaya.

Hatua ya 2: Vifaa

Mswaki uwe wa mtoto, kichwa kidogo, nyuzi laini. Miswaki migumu ya watu wazima ikataeni hata ikija bure, maana kwenye kinywa cha mtoto wa miaka sita haifiki nyuma kwenye magego.

Dawa ya meno lazima iwe na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Soma boksi: tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500, mbele yake imeandikwa ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo. Unga wa mkaa na dawa zisizo na floraidi mimi sizitaki kabisa darasani. Mswaki wa mti unaondoa ukoga vizuri kwa mtu aliyeuzoea, lakini mtoto mdogo anahitaji hiyo floraidi.

Kiasi ni punje ya njegere, karibu robo gramu. Watoto 60 watatumia gramu 15 kwa siku, yaani dawa ya gramu 100 inamaliza wiki moja ya shule na kubaki kidogo tu. Wapelekee wazazi hesabu hiyo mnapopanga michango.

Mkiwa Arusha, Manyara au Kilimanjaro, kwenye maji yenye floraidi nyingi, wazazi watauliza kama dawa itazidisha rangi ya kahawia kwenye meno. Rangi ile huja kwa kumeza floraidi kwa muda mrefu wakati meno yanajengeka ndani ya fizi. Simamia mambo mawili: kiasi kisizidi njegere, na mtoto ateme. Huko ongea kwanza na daktari wa meno.

Hatua ya 3: Miswaki ikae wapi

Hapa ndipo zoezi hufia. Kupiga mswaki watoto wanakupenda. Shida inaanza wakishamaliza, una miswaki 60 iliyolowa. Wakienda nayo nyumbani, mingi haitarudi, au itarudi ikiwa imetumiwa na kaka na dada. Kwenye kopo moja vichwa vinagusana, na mate au damu ya fizi ya huyu inahamia kwa yule. Kwenye boksi lenye mfuniko haikauki, inaota ukungu.

Kinachofaa ni ubao uliotobolewa matundu. Seremala yeyote wa mtaani anauweza. Matundu yaachane vidole vitatu, vichwa viangalie juu. Utundikwe ukutani darasani, mbali na choo, juu kidogo ya mikono ya watoto, na ufunikwe kwa kipande cha chandarua kuzuia nzi. Kila tundu lipewe namba ya mtoto kwenye rejista.

Namba ya mswaki nayo ina kazi yake. Makapeni inafutika kwa maji. Plasta inabanduka, na chini yake uchafu unajificha. Inayodumu ni namba iliyochomwa kwenye mpini kwa waya wa moto; afanye mtu mzima, nje penye hewa. Au andika kwa makapeni, pitisha juu rangi ya kucha isiyo na rangi, acha ikauke hadi kesho. Watoto wa awali wasiojua namba wape alama: samaki, jua, kikombe.

Atatokea mtu wa kushauri miswaki yote ilowekwe pamoja kwenye ndoo ya maji ya chumvi au dawa ya kuua vijidudu. Msikubali. Ndoo hiyo ndiyo itakayochanganya mate ya darasa zima. Kila mswaki usuuzwe peke yake kwa maji tiririka, ukung'utwe, ukaushwe na hewa. Ulioanguka chooni au uliotumiwa na watoto wawili utupwe. Mingine ibadilishwe kila miezi mitatu, au mapema zaidi nyuzi zikitanuka. Likizo ikifika waondoke nayo, muhula uanze na mipya.

Mdomo wa dawa usiguse mswaki wa mtoto. Weka vitonge vya dawa ya meno kwenye ukingo wa sahani safi, kila mtoto achote chake.

Hatua ya 4: Zoezi lenyewe

Baada ya uji, mistari miwili kando ya mtaro. Dakika mbili, kwa wimbo wa darasa. Waanze na magego. Wakianza na meno ya mbele wanachoka wakiwa hapo hapo. Wakimaliza wateme, wasisukutue, ili floraidi ibaki mdomoni. Kibuyu chirizi kimoja, yaani dumu lililoning'inizwa la kuchiriza maji, kinatosha kusuuza miswaki.

Hatua ya 5: Langoni

Pipi, barafu na ubuyu wa sukari vikiliwa kidogo kidogo siku nzima, meno hayapumziki. Akina mama wanaouza msiwafukuze. Kaeni nao, mkubaliane wauze karanga, mihogo na machungwa.

Hatua ya 6: Gego la miaka sita

Mgeuzie mtoto uso kwenye mwanga wa mlango. Hesabu kutoka katikati ya mbele kwenda nyuma: jino la sita ni gego la ukubwani. Huota karibu na miaka sita bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Ukiona doa jeusi au tundu, mwandikie mzazi ampeleke kituo chenye huduma ya meno, na aulize kama linaweza kuzibwa kabla ya kukubali ling'olewe. Kuna njia ya kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila mashine. Ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwenye barua taja wazi kwamba jino hilo ni la ukubwani, na panga siku ya kumwangalia mtoto tena.