Kabla hamjatoka wikendi nyie wawili, hata kama ni hapo karibu tu

Safari ndefu watu wanaipanga miezi na miezi, ila hii ya siku mbili hapo karibu wanasema aah tutajua hukohuko. Mimi naona ni kinyume kabisa. Ukipoteza masaa matatu kwenye likizo ya wiki mbili hata hukumbuki, ila ukiyapoteza kwenye wikendi yanauma kweli. Pigeni hesabu wenyewe: kutoka Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumapili saa 12 jioni ni masaa 48, toeni 16 ya kulala yanabaki 32. Sasa kama mahali penyewe ni mwendo wa masaa manne kwenda na manne kurudi, robo ya muda wenu wa kuwa macho mmeumalizia barabarani mkiangalia migongo ya magari ya watu. Sisi tumejiwekea mwendo usizidi saa moja na nusu, na hiyo tunaihesabu kwa foleni ya Ijumaa jioni, sio kwa umbali unaousoma kwenye ramani. Kama kuna mahali pazuri sana lakini pako mbali, hapo subirini likizo yenyewe.

Kabla hata ya kutafuta pa kulala, kaeni chini muulizane mnaenda kufanya nini. Najua inaonekana kitu kidogo, lakini kwetu ndo ilikuwa shida kubwa kuliko zote. Safari zetu mbili za kwanza mume wangu alikuwa anaamka saa 12 asubuhi, anakaa pembeni ya kitanda taratibu asiniamshe, nasikia kamba za viatu zikivutwa, alafu kimya, ananisubiri. Na mimi niko macho nimefumba tu, sababu wiki nzima nilikuwa naiota hiyo asubuhi ya kulala mpaka jua liwe juu. Yeye alijua tumekuja kutembea milimani, mimi nilijua tumekuja kupumzika, na kila mmoja aliamini mwenzake anajua. Tulirudi nyumbani tumenuniana na hakuna aliyemkosea mwenzake! Siku hizi inapofika katikati ya wiki kila mtu anataja kitu kimoja tu ambacho akikikosa ataona wikendi imepotea. Kimoja. Yake inapewa Jumamosi asubuhi, yangu Jumapili, au kinyume chake, na masaa yanayobaki hayana ratiba. Ukijaza ratiba siku mbili nzima umehamisha ofisi tu umeipeleka sehemu yenye miti.

Na kama kuna kesi baina yenu, ya hela, ya wakwe, ya watoto, iongeeni nyumbani Alhamisi au ikubaliwe kabisa kwamba itasubiri Jumatatu. Usiipakie kwenye gari. Mtu akishafunga mkanda hana pa kwenda, ukimwanzishia pale anajihisi amewekewa mtego, na mimi niliwahi kufanya hivyo na sikuona faida yake.

Kwenye buking, angalieni masaa kabla ya picha. Sehemu nyingi chumba unapewa kuanzia saa 8 au saa 9 mchana na unatakiwa uwe umetoka saa 4 au saa 5 asubuhi, kwa hiyo ukilala usiku mmoja, kuingia saa 8 kutoka saa 4, hapo umepata masaa 20 na manane kati ya hayo umelala. Ndo maana nawaambia watu pigeni simu muulize kama mnaweza kuingia mapema, na kama haiwezekani, je mnaweza kuacha mizigo mapokezi mkaanza kuzunguka, na siku ya kuondoka mnaruhusiwa kuchelewa kidogo? Mara nyingi wanakubali kama hawajajaa, ila lazima uulize. Ulizeni na masharti ya kuahirisha, yaani mwisho lini kurudishiwa hela yenu, sababu safari ya karibu ni rahisi kuvunjika, mtoto akipata homa Ijumaa mchana basi imeisha.

Swali jingine ambalo siliachi tena: mapokezi yanafungwa saa ngapi. Kuna sehemu tulifika saa 3 usiku tukakuta geti limefungwa, taa zimezimwa, ile namba waliyotupa inaita tu haipokelewi. Tulikaa kwenye gari zaidi ya saa nzima, hatuongei, kila mtu anaangalia dirisha lake. Kufungua walifungua mwishoni, lakini Ijumaa ilikuwa imeshaenda.

Gari sasa. Watu wanakagua gari wakienda mbali, wakienda karibu hawakagui, wakati pancha haijui umbali. Upepo pimeni asubuhi kabla gari halijatembea, au liwe limepaki masaa matatu hivi, sababu tairi likipata moto kipimo kinapanda kinakudanganya. Kiwango sahihi kwenye magari mengi kimeandikwa kwenye kibandiko pale kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Alafu spea! Watu wanaisahau mpaka siku wanayoihitaji wanakuta nayo imeisha upepo. Ukiwa hapohapo umeinama soma ubavuni mwa tairi, kuna namba nne kwenye kiduara kirefu, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Spea nyingi utashangaa umri wake. Hakikisheni jeki ipo, spana ya kufungulia nati ipo, na kwamba wote wawili mnajua vinakaa wapi. Kama mnaenda na basi au treni, kikubwa ni kujua usafiri wa mwisho wa Jumapili ni saa ngapi, na ule wa kabla yake, muulenge huo wa kabla.

Ramani ishusheni kwenye simu mkiwa bado na intaneti nzuri, ila mkumbuke ramani ya bila mtandao haikuonyeshi foleni ya muda huo. Andikeni na namba ya simu ya mahali mnapoenda kwenye karatasi, simu zikizima mtanishukuru.

Mizigo sina mengi, begi moja la wote wawili linatosha, na mkiona linakataa kufunga basi punguzeni nguo msiongeze begi. Viatu vya kutembelea viwe vile mnavyovijua, vipya vitawatoa malengelenge Jumamosi saa 5 na hapo matembezi yamekwisha. Dawa za kila siku ziwe za siku moja zaidi ya mnazolala, na zikae kwenye mkoba wa mkononi. Kwa wanawake wenzangu, angalia tarehe zako kabla ya kubuk na ubebe pedi hata kama hesabu inasema bado, na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango viweke pamoja na mswaki ili usivisahau, sababu ratiba ikibadilika ndo vinasahaulika. Koti moja moja la baridi bebeni hata kama kwenu kuna joto, nusu saa ya kupanda mlima au kukaa karibu na maji usiku inabadilisha hali kabisa.

Kama mnalala kwenye hema au kibanda, kitu kimoja naomba mkichukulie kwa uzito wote. Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata likiwa na makaa machache, hata mkiacha mlango wazi kidogo, hata kama baridi ni kali. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuisikia. Tatizo la baridi litatuliwe nyumbani kabla, kwa blanketi la ziada na soksi nzito.

Mto. Hapa watu wananicheka ila mimi nabeba mto wangu. Mwaka 2016 watafiti wa Brown University kule Marekani walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo unalala kwa wepesi kuliko mwingine, kama unalinda. Kwa hiyo ukiamka Jumamosi umechoka haina maana mahali ni pabaya au kitanda kina kasoro, ni ugeni tu, na wikendi mnao usiku mmoja au miwili tu wa kuuzoea. Ndo sababu sisi tunarudi palepale mara nyingi, chumba kilekile kikiwa wazi, tunajua swichi iko wapi, tunalala. Ila mchana tunatafuta kitu ambacho wote hatujawahi kufanya. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake walitoa utafiti ambao wenza walifungwa pamoja vifundo vya mikono na vya miguu wakatambaa wakiwa wamebana mto katikati ya miili yao bila kuushika kwa mikono, wengine wakapewa kazi ya kawaida isiyochangamsha, na wale wa kazi mpya ya kuchekesha ndo walioona uhusiano wao umekuwa mzuri zaidi baada ya hapo. Dakika saba tu! Kwa hiyo sio lazima kiwe kitu kikubwa, sisi juzi tulijifunza kupiga kasia, tulizunguka palepale kama pia ya watoto, nusu saa nzima mume wangu anacheka mpaka machozi, sikuwa nimemsikia akicheka hivyo muda mrefu sana.

Hela semeni kabla. Kiasi cha juu mnachokubaliana kitengwe pembeni, kiwe chenu wote, ili mkiwa kule mtu asiwe anasoma menyu kuanzia upande wa bei na mwingine anaagiza tu. Simu pia zisemwe kabla. Mkataze kabisa mtashindwa, bora mkubaliane mnaangalia mara mbili kwa siku, na kazini muage Ijumaa mchana kwa maneno yaliyonyooka kwamba hampatikani mpaka Jumatatu. Kama mmeacha watoto, aliyebaki nao awe na namba zenu, dawa zao na ruhusa ya kuamua vitu vidogo mwenyewe, alafu mpange saa moja ya kupiga, sio kila mara mkikumbuka, maana mkipiga mara kumi mnawarudishia watoto kilio na nyie mwili uko huku akili iko kule. Mtu mmoja mnayemwamini ajue mnalala wapi na mnarudi lini. Picha za mitandaoni zisubiri mpaka mrudi, hakuna haja ya kutangaza nyumba iko tupu.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya kutoka ni kwa ajili ya Jumapili usiku mtakaporudi. Alhamisi oshini vyombo, tandikeni mashuka safi, nguo za Jumatatu zipigwe pasi zitundikwe. Mkirudi mnafungua mlango nyumba inanukia vizuri mnaingia kulala moja kwa moja, wala hamgombani nani aoshe sufuria. Mmoja afunge gesi na madirisha, na akishafunga aseme kwa sauti "nimefunga", mwenzake asikie, mtaokoa ile safari ya kugeuza gari mkiwa mmeshafika nusu njia.

Na lile begi msilimwage lote mkirudi. Nguo ndo zitoke, ila miswaki ya ziada, chaja ya pili, plasta, tochi na sabuni vibaki humohumo. Letu linakaa nyuma ya mlango wa chumbani, na Ijumaa iliyopita kuanzia mume wangu aliposema twende mpaka gari kuwaka tulitumia dakika ishirini.