Somo: kumvua besi mdomo mdogo mto Susquehanna, kuanzia barafu inapoyeyuka mpaka Desemba

Wakuu, wengi wetu tuliohamia huku Pennsylvania, iwe Harrisburg, Lancaster au York, tunavuka daraja la Susquehanna tukienda kazini na wala hatujui pale chini kuna samaki ambaye watu wanaendesha gari kutoka majimbo mengine kuja kumvua. Ndo huyu besi mdomo mdogo, kwa Kiingereza smallmouth bass. Rangi ya shaba, michirizi iliyosimama ubavuni, macho mekundu, na akishika ndoano anaruka juu ya maji mara mbili tatu kabla hujakaa sawa. Sio mwenyeji wa mto huu, aliletwa na watu karne ya 19, kwao hasa ni Maziwa Makuu ya huku Amerika na mito kama Ohio, lakini amezoea kabisa maana Susquehanna ni mpana, hauna kina kirefu na chini ni mawe matupu, pale Harrisburg upana unakaribia maili moja na sehemu nyingi kiangazi unatembea maji yakiwa kiunoni.

Kitu kimoja nakisisitiza kuliko vyote: kalenda haikuambii samaki yuko wapi, maji ndo yanakuambia. Besi uliyempata mwezi wa saba kwenye mkondo wa magotini, mwezi wa kumi na mbili kahamia shimo la kina lililotulia, pengine maili kadhaa kutoka pale. Hajaisha, kahama. Ukijua joto la maji na kimo cha maji mtoni unajua nusu ya kazi.

Hatua ya 1: leseni na sheria

Ukiwa na miaka 16 kwenda juu lazima leseni ya Pennsylvania Fish and Boat Commission (tume ya jimbo ya uvuvi na boti), unanunua mtandaoni dakika chache tu. Kayaki nayo ukiishushia kwenye vituo vyao inahitaji kibali chake. Halafu hili lisikilizeni vizuri: mwaka 2005 samaki wachanga wa besi walianza kufa kwa magonjwa mto huu, idadi ikashuka vibaya sana, ndo baadaye sehemu ndefu ya katikati ya Susquehanna ikawekewa sheria ya kukamata na kuachia papo hapo, hakuna kubeba nyumbani. Masharti ya kipindi cha kutaga nayo yamewahi kubadilishwa, kwa hiyo kila mwaka fungua kitabu cha sheria cha mwaka huo, usimsikilize mtu wa kwenye maegesho.

Hatua ya 2: vifaa

Usitumie hela nyingi. Rodi ya futi 7 ya uzito wa kati, rili ya kawaida yenye breki laini, mshipi wa kusuka wa ratili 10 na mbele yake unafunga futi kadhaa za flurokaboni (uzi usioonekana kirahisi majini) ya ratili 8, maana maji ya kiangazi ni meupe na samaki anaona kila kitu. Chambo cha bandia aina nne zinakutosha sehemu kubwa ya mwaka: tyubu ya plastiki ya inchi 3 na nusu rangi ya kijani kibichi iliyofifia (inafanana na kamba wa mtoni anayejificha chini ya mawe, na huyo ndo chakula chake kikubwa), kisamaki kirefu cha plastiki ngumu kinachosimama katikati ya maji ukiacha kuvuta, chambo chenye vijiko vinavyozunguka kwa ajili ya maji machafu, na popa ya kuvutia juu ya maji. Ongeza plaizi, wavu wa mpira na kipimajoto. Kipimajoto usikiache.

Ndoano zako bana ule mwiba wa nyuma kwa plaizi, kuachia samaki kunakuwa rahisi na kidole chako kikichomwa kinatoka salama.

Hatua ya 3: soma mto ukiwa bado nyumbani

USGS, shirika la serikali ya Marekani linalopima mito, wana kipimo cha mto pale Harrisburg, kinaonyesha urefu wa maji kwa futi na kinabadilika siku nzima, unaangalia kwenye simu. Kiangazi ukiona iko chini ya futi 4 mto umetulia, unaweza kuingia kwa miguu sehemu unazozijua. Ikipanda na bado inaendelea kupanda kaa nyumbani, hata kama kwako jua linawaka, maana maji hayo yanatoka mpaka New York juu huko na mvua ya juzi ya kule inakufikia leo. Mimi ikipita futi 6 sitoi kayaki.

Na kuna kitu kinaua watu: ule ukuta mfupi wa Dock Street uliokatiza mto, chini kidogo ya City Island, kile kisiwa cha mtoni pale Harrisburg. Ukiwa juu ya mto hauonekani, unaona tu mstari wa maji yaliyonyooka. Maji yakianguka pale yanajikunja na kurudi nyuma kuelekea ukutani, kinachoingia kinazungushwa palepale, boti, gogo, mtu aliyevaa laifu jaketi, wote. Watu wamefia hapo miaka na miaka. Ukiwa kwenye chombo chochote karibu na Harrisburg jua uko wapi muda wote.

Hatua ya 4: machipuko, maji yakipanda kutoka nyuzi 40 kwenda 60 za Fahrenheit (5 mpaka 15 za Celsius)

Hapa ndo samaki wakubwa wanapatikana. Jike limejaa mayai, linakula kwa nguvu baada ya baridi ndefu, lakini bado halitaki kukimbiza. Wanaanza kutoka mashimoni na kusogea kwenye maji yaliyotulia karibu na mkondo: nyuma ya visiwa, nyuma ya nguzo za madaraja, ukingoni ambapo maji yanazunguka taratibu. Tumia kile kisamaki kirefu, vuta mara mbili kwa mshtuko halafu ACHA. Hesabu mpaka kumi. Maji yakiwa ya baridi zaidi hesabu hata ishirini. Besi anakisogelea, anakiangalia, na kinapigwa kikiwa kimesimama kabisa, wewe unachosikia ni mshipi kuwa mzito tu. Wengi wanashindwa hapa kwa sababu mkono unawasha, wanataka kuvuta.

Maji yakifika nyuzi 60 na kidogo dume linasafisha changarawe kwa mkia, linatengeneza kiota cha duara, jike likishataga linaondoka na dume ndo linabaki kulinda mayai, na baadaye vile vitoto vyeusi. Dume hilo linapiga chochote kinachopita, hata ndoano tupu, kwa hiyo kulipata sio ufundi. Ukilitoa pale hata dakika chache tu samaki wadogo wanavamia wanakula mayai yote. Ukiona kiota, piga hatua nyingine mbele. Mto huu umeshapoteza vizazi vya kutosha.

Hatua ya 5: kiangazi

Mto umeshuka, umekuwa mweupe, nyasi za majini zimejaa, na samaki wametawanyika kila mahali. Raha yake unavaa kaptula na viatu vya kushika mawe unaingia mtoni. Alfajiri na jioni tumia popa, itupe mbali, iache viduara vya maji viishe, iguse kidogo, iache tena. Jua likikaa juu, joto la maji likipita nyuzi 80 (27 za Celsius), nenda pale maji yanapokatika juu ya mawe na kutoa povu, kuna hewa zaidi na chakula kinaletwa na mkondo. Ile miamba iliyolala kukata mto kama ilivyo kaskazini ya Harrisburg, kwenye njia ya Dauphin, kila ufa una samaki wake, tupa tyubu juu ya mwamba iachie ianguke upande wa kina, hapo hapo anaichukua. Siku za joto kali hivyo usimchezeshe samaki sana, mlete haraka, mtoe ndoano akiwa ndani ya maji, mwache aende, picha sio lazima kila samaki.

Mwisho wa Julai na Agosti jioni kuna wale wadudu weupe wanatoka mtoni kwa maelfu, ukishawahi kuona kumbikumbi wakitoka baada ya mvua ndo hivyo hivyo, wanajaa kwenye taa za madaraja mpaka barabara inateleza. Wakishatoka majini wanaishi usiku mmoja tu. Samaki wote wanakuja juu kula, na kwa saa moja hivi giza likiingia kitu chochote cheupe kidogo kinachoelea kinafanya kazi.

Hatua ya 6: majani yakipukutika

Usiku ukianza kuwa wa baridi besi anajua. Kutoka nyuzi 65 kushuka mpaka 50 anakula sana, anafukuza visamaki vidogo ukingoni, unaona maji yanaruka. Chambo chenye vijiko, vuta kwa mwendo. Shida ni majani, mto unajaa majani na ndoano za pembe tatu zinazoa kila ukivuta, tumia chambo chenye ndoano moja. Maji yakishuka chini ya 50 wanaanza safari ya kurudi mashimoni na wanakusanyika, ukipata mmoja usihame, rudisha palepale.

Hatua ya 7: baridi

Chini ya nyuzi 40 mwili wa samaki umepoa, hakimbizi kitu. Tafuta shimo la kina ambalo mkondo unapita pembeni yake. Jigi dogo (ndoano yenye kichwa kizito) lenye manyoya, au kimnyoo kifupi cha plastiki, kiache chini kilale, mkondo wenyewe ukitikise. Toka saa saba mchana mpaka saa kumi, jua likiwa limepasha maji kidogo. Simama ukingoni, usiingie majini, maji hayo yanakukata pumzi na mikono inakosa nguvu muda mfupi sana. Kuanzia Novemba 1 mpaka Aprili 30 sheria ya jimbo inamtaka kila aliye kwenye kayaki au mtumbwi avae laifu jaketi, kuivaa mwilini, sio kuiweka miguuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Lancaster: Jambo kaka, miye natoka Uvira, kule tulikuwa tunavua ndagala usiku na taa na wavu. Huku naweza kutumia wavu wangu mdogo kwa hawa besi?

Jibu: Hapana ndugu yangu, besi ni kwa rodi na ndoano tu, ukikutwa naye kwenye wavu ni faini. Nyavu ndogo za kukamata visamaki vya chambo zinaruhusiwa lakini zina kipimo chake kwenye kitabu, soma kwanza. Usiku wenyewe unaruhusiwa kuvua, na Julai usiku ni mzuri sana, nenda na mwenzako tu.

Mama Wawili: Kaka asante kwa somo. Sina kayaki na nina watoto wa miaka 8 na 11, tuanzie wapi hapa Harrisburg?

Jibu: Dada, zile ngazi za ukingoni mwa mto mjini zinafaa, na City Island upande wa juu wa mto. Watoto chini ya 16 hawahitaji leseni, wewe ukishika rodi yako unahitaji. Wawekee minyoo ya kawaida, ndoano ndogo na chubwi dogo, tupa karibu tu, watapata samaki wadogo wadogo wengi na besi atakuja mwenyewe. Laifu jaketi wavae hata wakiwa ukingoni, na msisogee kabisa upande wa ule ukuta wa Dock Street.

Mzee wa Naivasha: Huyu si ndiye yule black bass tuliyekuwa tunakula Naivasha?

Jibu: Shikamoo mzee. Huyo ni ndugu yake, mdomo mkubwa, naye aliletwa Naivasha na wakoloni kutoka huku. Yule taya lake linapita nyuma ya jicho, anapenda maji yaliyosimama na nyasi. Huyu wa kwetu taya linaishia usawa wa jicho na anataka mkondo na mawe. Ndio maana ukimtafuta kwenye nyasi nene zilizotulia kama ulivyozoea kule utamkosa.

Mdau mwingine: Nimepata mmoja ana madoa meusi makubwa mdomoni na ubavuni, ni ugonjwa? Nimeogopa kumshika.

Jibu: Hayo madoa yanaonekana sana Susquehanna, watafiti wameyahusisha na virusi vya samaki wenyewe, na samaki mwenyewe anaonekana kuendelea vizuri, anakula na anapigana kama wengine. Mwachie kawaida. Ukiona vidonda vilivyo wazi hapo piga picha uwatumie Commission, wanapokea taarifa hizo.

Mdau wa York: Mvua ikinyesha maji yakawa ya kahawia ndo siku imeisha?

Jibu: Inategemea yanapanda au yanashuka. Yakipanda ondoka. Yakianza kushuka na unaona mguu wako kwenye maji ya magotini, hapo pana samaki, wamebanwa wote ukingoni kukwepa nguvu ya mkondo. Tupa sambamba na ukingo, chambo cheusi chenye vijiko, hata futi mbili kutoka kwenye majani.

Mdau wa Columbus, Ohio: Miezi yako itafanya kazi huku?

Jibu: Miezi iache, chukua zile nyuzi joto. Huko kwenu maji yanaweza kutangulia au kuchelewa wiki mbili tatu, na kijito kidogo kinapata joto mapema kuliko mto mpana. Funga kipimajoto kwenye mshipi, kizamishe karibu na chini dakika mbili, ukitoa ndo unajua uko hatua ya ngapi.