Kushindana kuvua sato kwa ndoano Mwanza: kuanzia wiki ya maandalizi hadi mizanini

Mashindano ya ndoano si uvuvi wa kitoweo. Ukivua kitoweo una siku nzima, na samaki yeyote ni mboga. Kwenye mashindano una saa chache, idadi ya samaki wa kupimwa ina kikomo, na mwamuzi ni mizani. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua tayari kufunga ndoano na anataka kushindana akiwa ukingoni, iwe Luchelele, Igombe au kwingine kandokando ya ziwa. Sangara ana mambo yake, hapa simgusi.

Hatua ya 1: Soma sheria, kisha piga hesabu

Kabla ya kulipa kiingilio, ulizia samaki wangapi wanapimwa, fimbo ngapi zinaruhusiwa, kama unaruhusiwa kumwaga chambo majini, na saa ya mwisho ya kufika mizanini. Ulizia pia habari ya leseni: je, waandaaji wamelimaliza na ofisi ya uvuvi, au kila mshiriki ajitegemee?

Moja halina haja ya kuulizwa. Sato chini ya sentimita 25 anarudi majini. Chukua ubao, chora mstari mzito kwenye 25, uuweke karibu na ndoo. Ubishi wa vipimo unaisha hapo hapo.

Halafu hesabu. Uzito wa samaki hauendi sambamba na urefu wake. Sato wa sentimita 25 ana kama gramu 300, lakini wa sentimita 30 anavuka nusu kilo, kwa sababu ameongezeka urefu, upana na unene kwa pamoja. Kwa hiyo kama wanapimwa samaki watano, mwenye watano wa 30 anamwacha mbali mwenye watano wa 25, hata kama huyu wa pili alivua ishirini. Jaza idadi kwanza kwa yeyote anayefika mstarini, kisha muda wote uliobaki uwe wa kubadilisha wadogo kwa wakubwa. Watu wengi wakishajaza idadi hulegea, na hapo ndipo wanapopitwa.

Hatua ya 2: Kagua maji kabla ya siku yenyewe

Nenda saa zile zile mtakazoshindania. Funga kijiwe kwenye uzi, pima kina. Kutoka ukingoni, sato wengi utawapata kwenye maji ya mita moja hadi mbili na nusu: pembezoni mwa matete na mafunjo, kwenye mchanga ulio katikati ya miamba, na kwenye mpaka wa magugu maji na maji ya wazi. Ukiona chini ya maji visahani vya mchanga vilivyochimbwa, hivyo ni viota vya dume la sato. Yuko karibu, ila wakati huo anafukuza wenzake kuliko anavyokula.

Ukifika mwaloni usianze kutupa uzi kabla ya salamu. "Shikamoo mzee, maji ya huku yakoje?" "Marahaba. Sato wapo, ila upepo ukigeuka mchana magugu yatakufunika." Jibu la namna hiyo linakupa kazi ya wiki nzima: tafuta sehemu ya pili, upande ambao magugu hayasukumwi.

Usikague wala kuvua ndani ya maji ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, hata kama pale panaonekana patamu namna gani. Na popote utakapokuwa, simama juu ya mwamba, usiingie majini. Kichocho kipo kwenye maji ya ukingoni, na mamba hasomi ratiba ya mashindano.

Hatua ya 3: Zana nyembamba

Sato ana mdomo mdogo na macho makali. Uzi wa milimita 0.18 hadi 0.20 unatosha. Mnene zaidi ya hapo anauona. Ndoano nyingi zinazouzwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni za sangara, kwa hiyo usinunue kwa kutaja namba, maana namba hubadilika toka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Pima kwa jicho: nafasi kati ya ncha na shina la ndoano isizidi upana wa kucha ya kidole chako kidogo.

Fimbo ya mwanzi ya mita nne inashindana vizuri kabisa na fimbo ya dukani kwenye maji ya karibu. Ninaipendelea, kwa sababu unashusha chambo taratibu bila kishindo, na kwenye miamba kishindo kimoja kinafukuza kundi zima.

Kiboya ndicho cha kukihangaikia. Kata kipande cha kandambili kuukuu, ukichonge kiwe chembamba kama penseli, urefu wa kidole. Kisha bana risasi ndogo ndogo (vipande vya kuongeza uzito) kwenye uzi hadi kiboya kizame na kubaki ncha tu juu ya maji. Risasi ya mwisho, ile ndogo kabisa, ibane sentimita tano hadi nane kutoka kwenye ndoano, na urekebishe kina ili ilale chini mchangani. Sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 4: Chambo

Beba aina mbili. Ya kwanza ni nyungunyungu, utawapata chini ya migomba au kwenye samadi mbichi ya ng'ombe. Wahifadhi kwenye kopo lenye udongo wao, kivulini. Ya pili ni ugali mgumu wa mahindi uliochanganywa na unga kidogo wa muhogo, uukande mpaka usishike vidole. Kidonge kisizidi ukubwa wa harage. Nyungunyungu huleta samaki haraka lakini huleta na samaki usiowataka kama furu na gogogo, ugali huchelewa lakini huchagua.

Kama kumwaga chambo kunaruhusiwa, loweka pumba za mahindi na mashudu ya pamba kidogo usiku uliotangulia. Tupa donge la ukubwa wa chungwa, kisha acha. Ukiwashibisha hawatagusa ndoano.

Hatua ya 5: Saa ya kwanza ni ya kutafuta

Kule Minnesota, kaskazini mwa Marekani, maziwa huganda wakati wa baridi, na watu hushindana kuvua juu ya barafu samaki wadogo kama bluegill na crappie, wenye tabia ya kudonoa taratibu. Nimetazama sana video zao, na kilichonivutia ni miguu yao. Hutoboa matundu mengi kwa keekee, kisha huzunguka na kukaa dakika chache tu kila tundu. Palipo kimya hawapaonei huruma.

Sisi hatuna barafu ila kanuni inashika. Kama ukingo uko wazi, kuwa na sehemu nne ulizozikagua, na saa ya kwanza ipe kila moja dakika kumi na tano. Ukiwa umepangiwa kipande cha ukingo, sehemu zako zimo humo humo: ubavu wa mwamba, mdomo wa mafunjo, mchanga ulio wazi, kina cha mita moja na kina cha mita mbili. Samaki wakubwa wakijitokeza mahali, rudi hapo na utulie. Kumganda mwamba mmoja kwa sababu jana ulikupa ni uvivu uliovaa joho la subira.

Hatua ya 6: Soma kiboya

Anayesubiri kiboya kizame atashindwa. Sato mkubwa anainama, ananyonya chambo kutoka mchangani, kisha anainuka nacho. Akiinuka, anainua na ile risasi ndogo iliyolala chini. Kiboya kinapoteza mzigo: kinapanda juu, kinainama, kinalala ubavu. Wageni hudhani uzi umelegea na kuanza kuurekebisha. Hapo ndipo pa kuvuta. Crappie naye huuma hivyo hivyo akitokea chini, na mvuvi wa barafu hujua kwa kuona uzi umelegea ghafla.

Kuna dalili nyingine mbili. Kiboya kikitembea pembeni polepole, vuta. Kikidunda-dunda haraka kama kinachezewa, acha, hao ni furu au sato wadogo, na ukivuta utapoteza chambo tu.

Kuvuta kwenyewe ni kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Mdomo wa sato unachanika. Akishashika, inamisha fimbo pembeni umtoe kwenye miamba, na umpokee kwa wavu wa mkono. Ukiona vifaranga vinamwagika mdomoni mwake, huyo ni jike anayelea. Mtoe ndoano upesi, mrudishe pale pale ulipomtoa.

Hatua ya 7: Upepo ukigeuka

Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani na maji ya ukingoni hutulia. Jua likipanda upepo hugeuka, mawimbi huja kwako na magugu maji huja nayo. Hama kwenda ile sehemu ya pili kabla magugu hayajafika, kwa kuwa yakishafunga unapoteza muda na ndoano. Ongeza risasi moja ili kiboya kisisukwesukwe. Wingu jeusi lenye radi likitokea, laza fimbo chini uondoke kwenye mwamba. Hapo hakuna mjadala.

Hatua ya 8: Mizani

Samaki anayekaa kwenye ndoo juani anakauka, na gramu zake zinakwenda. Mweke kwenye wavu uliozamishwa majini kivulini, au, akishakufa, kwenye gunia la katani lililoloweshwa. Acha kuvua nusu saa kabla ya muda kwisha kama mizani iko mbali, maana foleni hujaa dakika za mwisho na waandaaji wengine hawapokei aliyechelewa.

Wakati wa kupima, hakikisha mizani inasoma sifuri kabla samaki wako hawajawekwa. Soma namba mwenyewe, linganisha na iliyoandikwa kwenye karatasi, weka sahihi, ndipo uwatoe. Ukiwa na malalamiko, yaseme samaki wakiwa bado juu ya mizani.