Pancha kwenye barabara ya TANZAM: tafuta pa kusimama kabla ya kutafuta jeki

Kubadilisha tairi la IST au Noah ni kazi ya dakika 20 kwa mtu aliyezoea. Kinachoifanya kazi hiyo iwe ya hatari huku Nyanda za Juu Kusini ni mahali inapofanyikia. Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma barabara hii kuu, inayounganisha Tanzania na Zambia, kwa sehemu kubwa, ina njia mbili tu, ya kwenda na ya kurudi, na malori ya Zambia, Malawi na Kongo hayalali. Bega la barabara kuna sehemu halitoshi hata gari dogo. Ukipata pancha, swali la kwanza ni utasimama wapi. Tairi lenyewe lihesabu kuwa limeshakwenda, usilionee huruma.

Likipasuka ukiwa kwenye mwendo

Tairi la mbele likipasuka, usukani unavutwa ghafla upande huohuo. Likiwa la nyuma usukani hautikisiki sana, ila mkia wa gari unaanza kuyumba kama wa samaki. Kwa vyovyote mguu utakimbilia breki. Uzuie. Ukikanyaga kwa nguvu, uzito wa gari unahamia mbele: tairi bovu la mbele linashika lami vibaya na kukugeuza, na bovu la nyuma linaachia kabisa, mkia unakuja kukupita.

Shika usukani kwa mikono miwili, gari libaki limenyooka kwenye njia yako, na uachie mafuta taratibu. Mwendo ukishafika kwenye 40 kwa saa hivi, gusa breki kidogo kidogo, washa indiketa ya kushoto, anza kusogea.

Kwenye mteremko mambo hubadilika, maana kuachia mafuta peke yake hakupunguzi mwendo. Anayeshuka mlima Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, au anayeteremka Iwambi kwenda Mbalizi, anatakiwa awe kwenye gia ya chini tangu juu, ya pili au ya tatu, ili injini ndiyo ishike gari. Wapo wanaoteremka na gia imetolewa, eti wanaokoa mafuta. Tairi likipasuka katika hali hiyo, kinachobaki ni breki, yaani kitu kilekile ambacho hupaswi kukikanyaga.

Pa kusimama

Gari linaweza kujikokota kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 hadi 10 kwa saa, hata mita mia kadhaa likiwa na tairi lisilo na upepo. Tairi litakatika ubavu, na rimu inaweza kupinda. Vyote vinauzwa. Washa hazadi, jikokote hadi upate kimojawapo kati ya hivi: kituo cha basi kilichochongwa pembeni, kichochoro cha kuingilia kijijini, uwanja wa kituo cha mafuta, au bega pana lililo sawa ambako gari la nyuma linakuona kutoka mbali.

Usisimame kwenye kona, wala mara tu baada ya kilele cha mwinuko. Kwenye Kitonga na Mlima Nyoka epuka hasa upande wa nje wa kona ya mteremko: lori lililoshindwa breki likikosa kona, huko ndiko linakoishia. Pia usisimame penye udongo mwekundu uliolowa. Wakati wa masika jeki inazama humo kama kijiko kwenye uji.

Angalia pia ni tairi la upande gani. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo matairi ya kulia, ya upande wa dereva, ndiyo yanayotazama magari yanayopita. Pancha ya kushoto unaifanyia kazi gari likiwa ngao yako. Pancha ya kulia inakuweka mgongo barabarani. Kama ni ya kulia na huwezi kuliingiza gari angalau mita mbili nje ya lami, usibadilishe hapo, endelea kujikokota. Hakuna pa kusogea kabisa? Toa watu garini, weka alama, piga 112 uombe polisi. Wenye barabara kubwa za njia nyingi, Uingereza kwa mfano, huwaambia madereva wasijaribu kabisa kubadilisha tairi pembeni ya barabara hizo, na kuna sababu.

Abiria na alama

Abiria washuke kwa milango ya kushoto, watoto washikwe mkono, na wasikae kwenye kivuli cha gari. Wasimame mbali na lami, nyuma ya gari na si mbele yake, kwa sababu gari likigongwa kwa nyuma linasukumwa mbele. Mahali penye vyuma vya kingo wavuke wakae nyuma yake, isipokuwa Kitonga: pale ng'ambo ya kingo mara nyingi ni korongo, kwa hiyo watembee kando hadi wapate pa kukaa.

Lori linalokwenda 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Pembetatu ya tahadhari iliyowekwa mita 20 nyuma ya gari, kama wengi wanavyoweka, inamfikia dereva kabla mguu wake haujagusa breki. Hesabu hatua 70 ndefu kwa pembetatu ya kwanza, na 130 au zaidi kwa ya pili. Kama kuna kona au kilele nyuma yako, ya pili iende ng'ambo yake, hata ikiwa ni hatua 200. Pembetatu nyingine iwe mbele ya gari kwa ajili ya wanaotoka upande wa pili, maana atakayelikwepa gari lako ataingia njia yao. Unapokwenda kuziweka, tembea nje ya lami ukitazama magari, na pembetatu iwe imefunguliwa mbele ya kifua chako.

Matawi ya miti yanaeleweka na kila dereva wa njia hii, na mchana yanasaidia. Usiku, au kwenye ukungu wa asubuhi pale Mafinga, hayaonekani hadi umeshayakanyaga, hayana cha kurudisha mwanga. Mawe usiweke kabisa barabarani. Jiwe linalosahaulika huwa chanzo cha pancha ya mwenzako, au kifo cha bodaboda.

Kazi yenyewe

Mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kutazama barabara. Akisema "Gari!", wewe unaacha spana na kusogea, huulizi kwanza.

Vuta breki ya mkono. Automatiki weka P, manyuo weka gia ya kwanza au rivasi. Kisha weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu lililo mshazari na lile unaloliinua: ukiinua la mbele kulia, zuia la nyuma kushoto. Breki ya mkono kwenye magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ukiinua la nyuma umebakiwa na gurudumu moja lililoshikwa. Hapo ndipo magari huteleza kwenye jeki, na mwenye gari hushangaa kwa sababu "breki nilivuta".

Spea na jeki vitoe vyote kabla ya kuanza. Kwenye Noah, Hiace na pikapu nyingi spea inaning'inia chini kwa mnyororo, na tope likikauka juu yake roda, yaani kipuli cha kuteremshia mnyororo, inagoma. Jaribu kuiteremsha ukiwa nyumbani, si hapa.

Legeza nati kabla ya kuinua, nusu mzunguko kila moja, tairi likiwa bado chini. Ukishainua, gurudumu litazunguka pamoja na spana, na nguvu zako zitalisukuma gari kutoka kwenye jeki. Magari mengi madogo ya Toyota yanatumia spana namba 21. Nati ikikataa, kanyaga mwisho wa mpini kwa mguu, au chomeka bomba kuurefusha. Bomba ni la kufungulia tu, kaa ukilikumbuka hili wakati wa kukaza.

Jeki inakaa chini ya mshono wa bodi, kati ya makato mawili madogo yaliyo karibu na kila gurudumu. Ukiikosea nafasi hiyo, inatoboa sakafu au inakunja mshono. Chini yake weka kipande cha mbao cha sentimita 25 kwa 25, unene wa sentimita 3. Mbao ya paina, ambayo Mafinga haikosekani, inatosha sana na haichukui nafasi buti. Inua hadi tairi bovu liachane na ardhi, kisha ongeza sentimita 5 hivi. Wengi husahau hizo tano: tairi lililokwisha upepo limebonyea, spea iliyojaa ni ndefu kuliko hilo, kwa hiyo usipoinua zaidi haitaingia.

Kabla ya kuchomoa tairi, laza spea chini ya gari pembeni ya jeki. Jeki ikianguka, gari litaangukia spea na si mguu wako. Ukishatoa bovu, badilishana: bovu linaingia chini, spea inatoka. Wakati wowote usiingize kichwa wala bega chini ya gari.

Kuna wakati nati zimetoka zote lakini rimu imeng'ang'ania kwa kutu kwenye habu, yaani kitovu inapofungwa. Usilitikise gari likiwa juu ya jeki. Rudisha nati zote kwa mkono, ziache zimelegea mizunguko miwili, teremsha gari mpaka uzito wake ulalie tairi, kisha usukume bodi mara mbili tatu kutoka pembeni. Utasikia "ko!", rimu imeachia. Inua tena.

Spea ikiingia kwenye stadi, yaani boliti zinazopokea nati, anza nati kwa vidole, zizunguke angalau mara tatu bila spana. Ikigoma mapema imeingia upande. Ukiilazimisha unaua uzi wa stadi. Upande wa nati uliochongoka ndio unaotazama rimu. Usipake grisi wala oili, kwani uzi ukiwa na mafuta unakaza kupita kiasi bila kujua. Kaza kwa wastani, teremsha hadi tairi liguse chini, halafu maliza kukaza kwa kuvuka: nati nne kwa msalaba, tano kwa nyota. Ukizifuata kwa mzunguko rimu inakaa upande.

Mkazo wa nati za gari ndogo nyingi za Toyota ni 103 Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kwa mpini wa sentimita 30 hiyo ni kama kusukuma kwa uzito wa kilo 35, yaani mikono na mgongo kidogo. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya mpini anafika mara mbili ya kiasi hicho, stadi inavutika, na siku nyingine inakatika. Kaza tena ukishaenda kilomita 50 hivi: uliyebadilisha Chimala, simama Uyole. Unapokusanya pembetatu, anza na iliyo karibu na gari umalizie ya mbali, na magari yawe mbele ya macho yako unapokwenda.

Ukishaondoka

Spea nyembamba, ile ya rangi ya njano kwenye rimu, haivuki 80 kwa saa na inajazwa upepo wa psi 60, karibu mara mbili ya matairi yako mengine. Ikikaa miezi bila kupimwa inapungua, na ndipo mtu hutoa spea Igawa akakuta nayo haina kitu. Kama pancha ilikuwa ya mbele na unakwenda kuteremka Kitonga, inafaa kujisumbua mara ya pili ukifika penye usalama: spea nyembamba iende nyuma, tairi la kawaida la nyuma lije mbele. Matairi ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa ya breki, na kwenye gari linalovutwa mbele difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) inateseka magurudumu hayo yakiwa na ukubwa tofauti.

Mafundi pancha wapo Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala, Uyole na Mbalizi. Usikubali kuzibiwa tundu kwa nje tu tairi likiwa kwenye gari, kisha upewe mkono wa kwaheri. Mwambie: "Fundi, naomba ulitoe kwenye rimu nione ndani." Ukikuta unga mweusi wa mpira, au mstari uliosuguka kuzunguka ubavu, tairi limetembea bila upepo na nyuzi zake zimekatika, halifai hata likishika upepo vizuri leo. Tundu la ubavuni halizibwi. Lililo kwenye sehemu inayokanyaga lami, lisilozidi milimita 6, linazibwa kwa kiraka cha ndani.

Ukiamua kununua jingine, hasa la mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji atakuonyesha kashata, yaani meno ya tairi, bado nene, na pengine ni kweli, lakini mpira huzeeka hata ukiwa umekaa stoo, na nyufa ndogo zinazojificha kati ya kashata utaziona ukilikunja kwa dole gumba.