TV na mtoto wako: namna ya kupanga mambo hata kama mnaishi chumba kimoja

Wazazi wakianza kuongelea TV na watoto swali la kwanza huwa ni masaa mangapi, na mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni hivi, huo muda mtoto yuko mbele ya TV angekuwa anafanya nini? Angekuwa anaongea na wewe? Angekuwa nje anacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake? Angekuwa amelala? Maana madhara mengi yanatoka kwenye kile TV inachokisukuma pembeni, maongezi, michezo na usingizi, na ukishaelewa hivyo kupanga mambo nyumbani kunawezekana hata kama huna sebule wala uwanja na mko watu watano kwenye muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, hapo Katwe ama Nsambya, Kampala.

Nasema hivyo kwa sababu ushauri mwingi tunaoupata unasema toa TV chumbani kwa mtoto. Chumba gani jamani? Kwa wengi wetu chumba ni hichohicho, kitanda, pazia, sigiri mlangoni, TV juu ya kabati. Kwa hio haya nayoyaandika ni ya nyumba kama hizo.

Chini ya miaka miwili, zima

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo 2019, mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini hata kidogo, wa mwaka mmoja pia wanashauri asiwekwe, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndio vizuri zaidi. Najua kuna mama atasema wangu ana miezi kumi, akiona katuni anatulia, anacheka, na ni za Kizungu kwa hio anajifunza Kizungu mapema. Kutulia kweli anatulia. Kujifunza lugha ndio hapana. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle, Marekani, walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba za Kiingereza, wengine wakawa wanacheza na mtu anayewaongelesha Kichina, wengine wakaonyeshwa video za watu haohao wakiongea Kichina hichohicho. Waliokaa na mtu waliweza kutofautisha sauti za ile lugha, wale wa video hawakupata kitu. Mtoto mdogo anasoma lugha kwenye uso wako, anakuangalia macho, anatoa sauti na wewe unamjibu, ukimjibu anajaribu tena, na TV haiwezi kumjibu mtu.

Sasa angalia nyumba zetu, baba anaongea Kiswahili, mama Luganda, jaja, yaani bibi au babu, akija kutoka kijijini analeta Lugbara ama Lukonzo, huyo mtoto ana walimu watatu wa lugha bila kulipa hata shilingi. Ukitaka ajue Kizungu muongeleshe Kizungu, kama hukijui vizuri muongeleshe ile unayoijua vizuri, shule itamalizia.

Na hapa kuna jambo wengi hawalihesabu kabisa, TV ambayo imewashwa tu na hakuna anayeitazama. Inaimba pale kuanzia asubuhi, mama anafua, mtoto yuko kwenye mkeka. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2009, wa Dimitri Christakis na wenzake, uliwafunga watoto kifaa kidogo cha kurekodi sauti, wakakuta kila saa ambayo TV inasikika mtoto anasikia maneno ya watu wazima pungufu kama 770. Kwa saa moja tu! Na sio kwamba mzazi amekataa kuongea na mtoto, ni kwamba sikio lake limeenda kwingine, anajibu mm, anajibu ndio, basi. Kwa hio kama kuna kitu kimoja tu utakifanya kutoka hapa, fanya hiki, TV iwashwe wakati kuna mtu anataka kuona programu fulani na programu ikiisha izimwe. Hata Yaka yako, ule umeme wa kulipia kabla, itadumu.

Huo muda uliobaki mtoto muweke karibu na kazi yako. Unamenya matoke mwambie unamenya matoke, mpe ganda alishike, unachambua maharage mpe bakuli na maharage machache ahamishe kama ameshapita umri wa kutia kila kitu mdomoni na puani, na hapo bado kaa naye. Unaongea peke yako kama umechanganyikiwa, ndio, lakini hayo ndio maneno yake.

Piga hesabu ya usingizi kwanza, TV baadaye

Mtoto wa miaka 3 mpaka 5 anahitaji kulala masaa 10 mpaka 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana. Wa shule ya msingi, masaa 9 mpaka 12. Sasa chukua mtoto wa nasari ambaye gari la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana yake anaamshwa saa kumi na moja. Rudi nyuma masaa kumi, unafika saa moja jioni. Na saa moja jioni ndio habari zinaanza, halafu tamthilia, halafu mechi, na mtoto yupo palepale kitandani macho makavu. Kesho yake mwalimu anasema huyu mtoto hasikii, anapiga wenzake, analia ovyo, na watu wanatafuta sababu mbali kumbe mtoto ana usingizi tu.

Kwenye chumba kimoja fanya hivi. Chagua saa ya kulala mtoto kwa hesabu kama hiyo hapo juu, halafu TV izimwe kama saa moja kabla, kwa sababu mwanga na makelele vinaufukuza usingizi. Hiyo saa ndio ya kula, kuoga, na hadithi ya sungura na fisi, hata kama ni ileile ya jana, watoto wanapenda ileile. Akishalala watu wazima mnaweza kuwasha, sauti chini au mnatumia iafoni za masikioni, na TV iwe imegeuzwa mwanga usiangukie kitandani, pazia likivutwa inasaidia sana. Tamthilia nyingi zina marudio kesho yake mchana, hutakosa kitu. Siku ya mechi kubwa najua hakuna atakayezima, sawa, lakini mechi moja ya wikendi sio sawa na kila siku.

Ngumi, mieleka na sinema za VJ (zile za kutafsiriwa kwa sauti ya mtu)

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndio panapoonekana tabia za mtoto na watu.

Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake wa chuo kikuu cha Stanford waliwaonyesha watoto wa chekechea filamu ya mtu mzima anampiga mdoli mkubwa wa kupuliza, anampiga ngumi, anamgonga na nyundo, anatukana. Baadaye watoto wakaachiwa chumba chenye mdoli kama huo, wakarudia vilevile, mpaka maneno. 1965 akaongeza kitu, watoto wengine wakaona yule mpigaji anaadhibiwa mwishoni. Hao waliiga kidogo, lakini walipoahidiwa zawadi kama wataonyesha walichokiona, wakaonyesha kama wenzao tu. Yaani walikuwa wameshajifunza, walikuwa wanasubiri nafasi. Kwa hio ile hoja ya kusema hii sinema ni sawa kwa sababu mwisho jambazi anakamatwa, kwa mtoto mdogo haina nguvu. Yeye amebeba ngumi, mwisho ameuacha.

Na kule Kanada kulikuwa na mji mdogo ambao TV haikuwa inashika mpaka 1973, watafiti wakiongozwa na Tannis MacBeth Williams wakawapima watoto kabla haijaingia na miaka miwili baada ya kuingia, kupigana na kutukanana vikawa vimepanda, kwenye miji miwili mingine iliyokuwa na TV tayari havikupanda hivyo. Hii haimaanishi kila mtoto anayeona mieleka atakuwa mkorofi, nyumba yenye upendo na maongezi inazuia mengi, lakini kusema haina athari pia ni kujidanganya.

Cha kufanya: mieleka, sinema za VJ na habari za usiku zenye ajali za boda na miili barabarani zisiwe mbele ya mtoto ambaye hajafika miaka saba nane hivi, hayo ni maoni yangu, wengine wataweka umri mwingine. Habari hasa watu wanazisahau, mtoto mdogo akiona ajali ileile inarudiwa mara tano anaweza kudhani ni ajali tano, halafu baba akichelewa kurudi mtoto hataki kulala. UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, inataka vituo visionyeshe mambo ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, lakini usiitegemee hiyo peke yake, ukiwa na dekoda ya kulipia ingia kwenye mipangilio uweke namba ya siri kwenye chaneli za filamu kali. Na namba isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto, ataijua siku hiyohiyo.

Kuna na kibanda cha video pale mtaani. Kupiga marufuku bila kueleza hakusaidii, mtoto wa miaka kumi atachungulia kwenye matundu ya mabati. Ongea na wazazi wenzako wa vile vyumba vya jirani, mkubaliane mtoto wa yeyote akionekana kule mchana anarudishwa, na muongee na mwenye kibanda kwa heshima, wengi ni wazazi pia.

Katuni gani basi, na ukae naye

Kuanzia miaka mitatu hivi mtoto anaweza kupata faida ya kweli. Katuni ya Akili and Me inatengenezwa Dar es Salaam, ina Kiswahili, na watoto wa Morogoro walioitazama kwenye utafiti walisogea zaidi kwenye namba, kuhesabu na maumbo kuliko ambao hawakuitazama. Tafuta za namna hiyo, hadithi inaenda taratibu, mhusika anauliza swali anasubiri. Zile za kuruka ruka, picha inabadilika kila sekunde, ziepuke hasa kabla ya homuweki. Chuo kikuu cha Virginia 2011 walionyesha watoto wa miaka 4 katuni ya kasi kwa dakika 9 tu, na mara baada ya hapo wakafanya vibaya kwenye mazoezi ya kutulia na kufuata maelekezo, kuliko wenzao waliokuwa wanachora.

Halafu kaa naye, hata dakika kumi. Hii inaleta tofauti kubwa kuliko rimoti. Muulize vitu vidogo:

"Kwa nini huyo dada analia?"
"Kamnyang'anya mpira."
"Na wewe ungefanya nini?"
"Ningempiga!"
"Akikupiga na yeye? Hebu tufikirie kingine."

Hapo unamfundisha kuishi na watu kuliko mahubiri ya saa nzima. Watoto wadogo hawaunganishi ugomvi wa mwanzo na upatanisho wa mwisho wa hadithi, lazima mtu mkubwa awaunganishie. Simu pia ni TV, hesabu ni ileile, tena simu ni mbaya zaidi kwa sababu mtoto anajifungia nayo peke yake na video inayofuata inajileta yenyewe. Hiyo ya kujileta izime kwenye mipangilio.

Kama unamuachia mtoto dada wa kazi, usimpe amri tupu ya kutowasha TV. Yeye ana nguo za kufua, chakula cha kupika na watoto wawili, TV ndio msaidizi wake pekee. Mwambie, dada, naomba iwashwe baada ya chakula cha mchana, katuni mbili, basi, halafu muachie vitu vya mbadala, vifuniko vya soda vya kuhesabu, makaratasi na kalamu, dool (gololi) kwa wale wakubwa, na ruhusa ya watoto kutoka nje uani kucheza na wenzao hata wakichafuka.

Kuzima bila vita

Usizime katikati ya katuni, hata wewe ukizimiwa mechi dakika ya themanini utakasirika. Mwambie mapema, hii ikiisha tunazima, na ikiisha zima kweli, muachie yeye abonyeze. Usimdanganye kwamba Yaka imeisha wakati taa inawaka, ana macho, na siku akijua atadhani maneno yako yote ni hivyo. Siku tatu nne za kwanza atalia, vumilia, uwe na kitu cha kumpa mkono wake, maji ya kuchezea, unga wa kukanda. Na TV usiifanye zawadi ya kumaliza posho (ugali) wala adhabu ya kukojoa kitandani, ukifanya hivyo unaipandisha cheo, inakuwa kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya nyumba.

Mwisho kuna hili la kuchelewa kuongea. Mtoto akifika miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "mama maji", au ukimuita jina hageuki, au haonyeshi kwa kidole kitu anachokitaka, zima TV ndio, lakini usikae miezi unasubiri kwa sababu jirani amesema ni katuni tu. Anaweza kuwa hasikii vizuri, na hilo halitatibiwa na rimoti. Mpeleke kituo cha afya uombe apimwe masikio, wakikuelekeza Mulago kwenye kliniki ya masikio nenda. Beba kitabu chake cha chanjo, na uwe tayari kueleza lugha zinazoongelewa nyumbani, maneno anayoyasema sasa hivi, na kama sikio lishawahi kutoka usaha.